Tawi la Mpera

Mwalimu mstaafu wa uchoraji alikuwa na siku nne za kuchora ua wa nyuma, na tatu kati ya hizo mumewe alimharibia kwa moyo safi kabisa.

Picha ilikuwa ya kumpelekea dada yake mkubwa. Alikuwa amelazwa wodi ya mifupa, kitanda kimetazama ukuta mtupu, na Ijumaa angepasuliwa nyonga. Aliomba kitu kimoja tu: achorewe ua wa nyumba waliyokulia, ambamo mwalimu bado aliishi, apate cha kutazama kabla hawajamchukua. "Nichoree kama ulivyo," alisema. "Na magugu yake."

Jumatatu mwalimu akatoa kigoda, ubao na rangi za maji, akaanza kuyachora magugu kwa penseli, kisha akaingia ndani kunywa chai. Aliporudi, magugu hayapo. Mumewe, aliyetunza stoo miaka thelathini na asiyeweza kupita penye kitu kilichokaa upande, alikuwa ameegemea jembe, jasho linamtiririka. Alieleza kwamba isingependeza shemeji kuonyeshwa pori. Mwalimu akameza maneno, akashukuru, akageuza kigoda upande wa pipa lenye kutu. Jumanne pipa likawa limepakwa rangi ya samawati. Jumatano mawe ya njiani yalikuwa yamepangwa kama wanafunzi kwenye gwaride, kila moja na chokaa yake.

"Mzee wangu, nakuomba," alimwambia. "Usinisaidie tena."

"Kwani nimesaidia? Mimi napita tu."

Ulibaki mpera. Tawi lake moja lilipinda chini kama kiwiko, na hapo ndipo walipokuwa wakikaa yeye na dada yake utotoni, dada akimwachia kila siku upande wenye kivuli. Tawi hilo hata mtunza stoo asingeweza kulinyoosha. Mwalimu akalala na matumaini.

Alhamisi asubuhi tawi lilikuwa limekatwa. Lilibaki kovu jeupe kwenye shina, limesawazishwa vizuri kwa msumeno.

"Lilikuwa linakuziba," mumewe akaeleza. "Sasa unaona mpaka kwa jirani."

Mwalimu alijaribu kulichora tawi kwa kukumbuka, likatoka kama bomba la bafuni. Akafuta. Akachora tena, likatoka bomba jingine. Ndipo alipoweka brashi chini, akajifunika uso kwa kanga, akamweleza mumewe habari za tawi lile, jambo ambalo hakuwahi kumwambia kwa miaka yote ya ndoa yao. Bila tawi, alisema, dada atapelekewa ua wa watu wengine.

Mumewe akaondoka. Mwalimu akajua amekwenda kununa. Kumbe alikwenda kwenye rundo la kuni. Akarudi na tawi begani na stuli ya jikoni mkononi, akapanda, akaligandamiza tawi penye kovu kwa mikono miwili.

"Hivi?"

"Umeligeuza."

Akaligeuza. "Hivi?"

"Shusha. Kidogo, mzee, kidogo. Umezidisha. Pandisha."

Jua likapanda. Mikono ikaanza kumtetemeka, na kofia ikamteremkia mpaka puani, asithubutu kuigusa. Mara mbili alilalamika kwamba tawi ni zito, na mara mbili akaambiwa anyamaze, maana majani yalicheza kila alipofungua mdomo. Hasira za mwalimu zilikuwa hazijaisha. Aliziingiza zote kwenye brashi, na tawi likatoka vizuri kuliko chochote alichochora wiki ile.

Kabla ya saa sita lilikuwa limekamilika. Mwalimu hakumwambia. Alichovya brashi kwenye rangi ya kahawia, akaanza kuchora stuli, miguu iliyokakamaa juu yake, na kofia iliyoteremka.

"Bado?" mumewe akauliza.

"Bado."

Mumewe akahisi kwamba sasa anatazamwa yeye. Taratibu akaanza kuinyoosha kola yake kwa kidevu.

"Mzee," mwalimu akasema, "hiyo kola iache ilivyo."