Mlango Nyuma ya Kitabu

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, saa nane na nusu mchana, Mwantum alimaliza kusoma riwaya ya mwalimu Sylvère, akazifunga kurasa zake kwa raba, akafungua daftari ili aandike maneno ya nyuma ya kitabu. Nafasi yake ilikuwa maneno mia moja na ishirini. Katika kiwanda kidogo cha chapa cha Rénovat, pale mtaa wa Nyakabiga, nafasi hiyo haikuwa imebadilika kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu chini yake lazima ikae picha ya mwandishi.

Kazi nyingi za pale zilikuwa kadi za harusi, kalenda za parokia na matangazo ya mazishi. Vitabu vilikuja vinne au vitano kwa mwaka. Mwantum, mwanamke wa mtaa wa Buyenzi aliyekaribia miaka hamsini, ndiye aliyevisoma, akavisahihisha, kisha akaandika yale maneno mafupi yanayomfanya mtu aliyesimama dukani na kitabu mkononi asikirudishe kwenye rafu. Alikuwa hodari. Alijua kuanza na mtu mmoja anayetaka kitu kimoja. Alijua kusimama pale ambapo msomaji ameinua mguu na bado hajakanyaga. Wapo waandishi waliomwambia kwamba maneno yake ni matamu kuliko vitabu vyao, na hawakusema hivyo kwa furaha.

Riwaya ya Sylvère ilihusu wanawake kumi na mmoja wanaochambua kahawa katika bohari moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda. Mmoja wao, Laure, anapendana na karani wa mizani. Katika sura ya tisa ni mwezi wa nne, msimu wa mvua. Baada ya chakula cha mchana mlinzi anafunga mlango kwa kufuli kutoka nje, ili mtu asitoke na kahawa ndani ya kitenge. Mto unavunja kingo zake. Mlinzi yuko kwenye chai na ufunguo uko mfukoni mwake. Karani anakuja mbio na shoka, lakini amechelewa.

Watu wengi mjini walilijua bohari lile. Lilikuwa la mfanyabiashara aitwaye Astère, na jambo lenyewe lilikuwa limetokea miaka minne nyuma. Ripoti ilisema mlango ulikuwa wazi, wanawake ndio waliochelewa kutoka. Sylvère, ambaye alifundisha shule ya msingi, alibadilisha majina yote na kuandika neno "riwaya" kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwantum aliandika: "Laure ana miaka ishirini na mitatu na mikono inayonukia kahawa mbichi. Kuna mtu mmoja tu anayemwita kwa jina lake lote, naye ni karani wa mizani. Lakini mvua za mwezi wa nne haziulizi nani anampenda nani."

Aliyasoma, akaona ni mazuri. Kisha wino ukaanza kulegea. Sentensi ya tatu iliachana na mstari wake, ikateleza polepole mpaka ukingoni mwa ukurasa, ikadondoka mezani. Aliifuta kwa kitambaa. Alipoinua macho, wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja.

Walikuwa wamelowa hadi shingoni. Maji yalishuka kutoka kwenye vitenge vyao, yakatanda juu ya vigae viwili vya sakafu, yakaishia hapo. Punje za kahawa zilielea juu yake. Fundi wa mashine alipita na rimu ya karatasi begani, akawaamkia, akayaruka maji, akaendelea na safari yake. Mteja aliyekuja kuchukua kadi za ubatizo aliona benchi limejaa, akasimama kando.

"Nyinyi ni wa sura ya tisa," Mwantum alisema.

"Sisi ni wa bohari," alijibu mkubwa wao, mama mnene mwenye kovu kidevuni. "Mi naitwa Ernestine. Mule kitabuni wamenipa jina lingine, lakini mi ni Ernestine. Tumesikia we ndo unaandika ya nyuma. Soma tusikie."

Mwantum alisoma yaliyobaki. Walisikiliza kwa adabu. Mmoja alisema ni tamu. Mwingine alisema yule karani kweli alikuwa na sauti nzuri.

"Na mlango?" aliuliza Ernestine.

"Mlango ni mwisho, mama. Nyuma ya kitabu hatusemi mwisho. Mutu akishajua mwisho, hasomi tena."

Ernestine alikamua pindo la kitenge chake. Hakuwa mtu wa kubishana haraka.

"Apana," alisema hatimaye. "Mlango si mwisho. Walifunga saa saba. Maji yalikuja saa tisa. Masaa mawili mazima tulikuwa tumefungiwa na hakukuwa na tone la maji. Tuliimba, tulichambua, mmoja wetu alikuwa anaumwa tumbo na hakuweza kutoka. Ule mlango ni mwanzo."

Mwantum aliligeuza neno hilo kichwani. Kwa upande wa ufundi, mwanamke yule alikuwa amesema kweli, na yeye mwenyewe alipaswa kuliona.

Aligeuza ukurasa. Kabla ya kuandika akawahesabu, kwa mazoea ya msahihishaji ambaye hawezi kuacha kitu bila kukihakiki. Walikuwa kumi na wawili. Akahesabu upya kutoka upande wa pili. Wa kumi na mbili alikaa mwisho wa benchi, uso ameugeuzia ukuta, na shingo yake Mwantum aliifahamu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele tangu utotoni. Ilikuwa shingo ya Houda, mdogo wake.

Houda hakuwa mchambuzi wa kahawa. Siku ile alikwenda kumshikia nafasi jirani aliyekuwa na malaria, siku moja tu. Jioni hakurudi. Kwenye bohari zilitolewa maiti kumi na moja, na ndugu walipokwenda kuuliza, walionyeshwa daftari la majina. Jina la Houda halikuwemo, kwa hiyo, waliambiwa, hakuwepo. Baada ya wiki moja mtu fulani akasema alimwona Houda akivuka mpaka kwenda Uvira na mwanamume. Maneno yakaenea Buyenzi nzima. Mama yao aliamini. Aliishi miaka miwili baada ya hapo bila kulitaja jina la mtoto wake, akafa hivyo.

"Dada," alisema Houda bila kugeuka, "mwalimu ameandika kumi na mmoja."

"Ameandika alivyosikia."

"Mi nilikuwa karibu na dirisha la juu. Maji yalinitoa kupitia pale, yakanipeleka ziwani. Lakini nilikuwemo."

"Mama alisema uko Uvira."

"Nilimsikia."

Mwantum aliinuka, akavua mtandio wake, akamfunika mdogo wake mabegani. Mtandio ulilowa mara moja. Alirudi kwenye kiti chake na kuandika: "Saa saba mchana, mlango wa bohari unafungwa kwa kufuli kutoka nje. Ndani wamo wanawake kumi na wawili, na mmoja wao hayumo kwenye daftari la mtu yeyote." Akaendelea mpaka maneno mia moja na ishirini yakatimia. Wino ulikauka palepale, na hakuna herufi iliyosogea. Wanawake walimwomba awasomee mara mbili. Adhana ya alasiri ilipolia waliinuka, wakashukuru, wakatoka mmoja baada ya mwingine, na vigae vikabaki vikavu.

Rénovat aliyasoma maneno yale kesho yake. Alikuwa mtu mpole, aliyevaa tai hata siku za joto kali. Wanawake walikuwa wamesharudi kwenye benchi, naye akawasalimu "bonjour" kabla ya kukaa.

"Ni kazi nzuri," alimwambia Mwantum. "Lakini haiwezekani. Bwana Astère ndiye mgeni rasmi siku ya kuzindua."

"Kitabu kinamsema yeye."

"Kinamsema ndani. Mkubwa hasomi ndani, Mwantum. Anageuza, anasoma nyuma, anatabasamu, anapigwa picha. Mwalimu ameandika anayotaka kwenye kurasa mia mbili na hakuna aliyemzuia. Nyuma tuachie mapenzi." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Halafu umeandika kumi na wawili. Kitabu kina kumi na mmoja. Utamwekaje nyuma mtu ambaye ndani hayumo? We mwenyewe ungemrudishia mwandishi kazi yake kwa kosa kama hili."

Mwantum alikubali kwamba hilo lilikuwa kosa. Akaomba mwandishi aitwe, ili alirekebishe kutoka ndani.

Sylvère alifika na chaki kwenye mikono ya shati. Alimwangalia Houda, akavua miwani, akaifuta.

"Nilihesabu makaburi," alisema. "Yalikuwa kumi na moja."

"Huyu hana kaburi," Mwantum alisema. "Ni mdogo wangu. Ongeza mtu mmoja, mwalimu. Sentensi moja tu. Karibu na dirisha la juu."

Mwalimu alivaa miwani yake. Alizungumza na Houda, si na Mwantum. "Pole sana, dada. Kumi na mmoja kila mtu anawajua, hata nikiwaandika inabaki hadithi tu. Wa kumi na mbili hajulikani. Nikimwandika huyo, wataniuliza nimemjuaje. Hapo si riwaya tena, ni ushahidi. Mi nina watoto."

"Una watoto wangapi?" Houda aliuliza.

"Watatu."

"Mungu akukuzie."

Mwalimu alishukuru, akarudi shuleni kabla kengele haijagongwa.

Rénovat alichukua ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa mapenzi, akauongezea swali kwa mkono wake: "Je, penzi la Laure litashinda gharika?" Majalada yalichapwa wiki ile. Yalitoka kwenye mashine yakiwa yamelowa theluthi ya juu, pale ambapo mlango ungeandikwa. Mafundi waliyaanika uani kwa vibanio vya nguo. Jua lilikuwa kali siku tatu mfululizo. Majani ya mpapai yalijikunja, majalada hayakukauka. Rénovat akaagiza kila nakala ifungwe kwa nailoni.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Bwana Astère alifungua nailoni, akageuza kitabu, akasoma nyuma, akatabasamu, akapigwa picha. Kisha akajifuta vidole kwa leso. Katika hotuba yake alisema nchi inahitaji hadithi nyingi zaidi za mapenzi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa safu ya mwisho, na vijana wa itifaki waliwaletea fanta kama walivyowaletea wengine. Ernestine alipiga makofi mahali ambapo watu walipiga makofi. Kitabu kilipendwa. Watu wengi walisema walivutwa na maneno ya nyuma.

Alhamisi iliyofuata Mwantum alimwomba Rénovat ruhusa ya nusu siku. Aliyanakili yale maneno yake mia moja na ishirini kwenye karatasi safi, akaongeza jina kamili la mdogo wake chini yake, akaenda naye kwa miguu mpaka Zone Industrielle. Alitaka jina lile liingizwe kwenye daftari la bohari. Hakutaka kitu kingine. Houda alitembea nyuma yake, na nyayo zake zililoweka lami.

Bohari lilikuwa limepakwa rangi upya. Mlangoni alikaa mlinzi, mzee mwenye heshima, kitabu cha Sylvère kikiwa kwenye mapaja yake. Aliisoma karatasi yote, kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Lakini jina linaandikwa asubuhi ya siku yenyewe, mama. Hiyo asubuhi imeshapita miaka minne. Daftari lile lilishajaa, limefungwa, mi nina jipya."

"Basi mwandike kwenye jipya."

"Kwenye jipya naandika wanaofanya kazi." Akamtazama Houda, nguo zake zilizolowa, mikono yake. "Na huyu? Kuna mmoja hakuja leo, mtoto wake mgonjwa. Amekuja kushika nafasi?"

Kupitia mlango ulio wazi walionekana wanawake wakirudi kutoka kula, wakijipanga mbele ya marundo ya kahawa. Walikuwa wasichana wengi, na wachache wenye umri wa Ernestine. Kiti kimoja kilikuwa wazi, karibu na dirisha la juu.

"Ego," Houda alikubali. "Nimekuja."

Mwantum alimshika mkono. Ulikuwa baridi, na ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa.

"Usiingie."

"Dada, hawa hawajui maji yanaanzia upande gani. Mi najua. Niache nikae nao."

Alimrudishia mtandio, akaingia. Wanawake walimsogezea kiti, mmoja akamuuliza jina, naye akalisema. Mlinzi alifungua daftari lake jipya, akalitazama, akalifunga.

"Wa siku moja hatuwaandiki," alimweleza Mwantum. "Ni utaratibu."

Kisha akaweka kitabu kando, akatoa kufuli mfukoni na kuufunga mlango, kwa kuwa ilikuwa imefika saa saba. Mwantum alimuuliza kwa nini anafunga. Mlinzi alisema ni kwa ajili ya kahawa, si kwa ajili ya watu, na kwamba mwaka huu mvua ni chache. Akaaga kwa upole, akaenda kunywa chai.

Ndani wakaanza kuimba. Mwantum aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango, akazisikiliza sauti moja baada ya nyingine mpaka akaipata ya mdogo wake, ambayo siku zote ilichelewa kidogo kuliko nyingine. Alibaki amesimama hivyo mpaka saa tisa ikapita.