Vyuma vya Pindo

Mimi sina subira, na sijidai ninayo. Mteja akitaka pazia lake Ijumaa, Jumatano nimeshamaliza na ninampigia simu aje alichukue. Ndiyo maana daktari aliponiambia, "Mama, mtoto afike kilo kumi kwanza, ndipo tumpasue," nilimtazama kama mtu aliyenitukana.

Mtoto mwenyewe tunamwita Chiriku, maana hanyamazi. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na tundu kwenye moyo alilozaliwa nalo. Kuongea anaongea, lakini akivuka chumba lazima achuchumae katikati apumzike, midomo imegeuka rangi kama aliyenyonya kalamu ya wino. "Nakuja," anakwambia kutoka pale chini, "ngoja." Utadhani bibi wa miaka themanini.

Kilo tisa na gramu mia nne. Miezi minne mizima namba hiyo haikusogea. Nilimpa uji wa maziwa, mayai, ndizi za kuponda. Nilimfuata na kijiko mpaka chini ya kitanda. Akipanda gramu mia, kikohozi kinazishusha. Mama mkwe alikuwa anamtazama mtoto, halafu ananitazama mimi nilivyonona, na hasemi kitu. Afadhali angesema.

Baba Chiriku ni fundi bomba, mtu mpole mpaka anaudhi. "Kila kitu na wakati wake," ananiambia, huku anakoroga chai. Wakati upi, jamani?

Kisha tukaambiwa kuna kikosi cha wapasuaji kinakuja baada ya wiki mbili. Nafasi ni sita tu. Waliofika kilo kumi waje waandikwe Jumanne.

Jumatatu nilikuwa kibandani kwangu nashona mapazia ya ofisi moja. Pazia zuri huwekewa vyuma vidogo ndani ya pindo la chini, vipande bapa vya gramu hamsini hamsini, ili lining'inie sawasawa na upepo usilichezee. Nilikishika kimoja mkononi. Nikashika cha pili. Sisemi shetani alinipitia. Shetani hajui kushona. Ni mimi.

Nilivishona kumi na viwili kwenye pindo la gauni lake la njano, lile lenye marinda na bitana. Sita mbele, sita nyuma, kila kimoja na kifuko chake visije vikagongana. Hata leo nasema, ilikuwa kazi safi.

Kliniki watoto huvuliwa nguo, lakini Jumanne ile foleni ilifika getini na muuguzi alikuwa mmoja. "Viatu tu, mama, fanya haraka!" Nilimpandisha kwenye mizani mwenyewe, muuguzi asije akalishika pindo. Chiriku akalikamata gauni kwa mikono miwili.

"Mama, gauni zito."

"Ni jipya, mwanangu."

"Si jipya. Linanivuta."

Muuguzi akacheka. "Huyu atakuwa wakili huyu." Akaandika kilo kumi na gramu mia mbili, gauni lenyewe nalo lilichangia.

Nyumbani baba yake alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Umeona? Kila kitu na wakati wake." Nikajifanya naangalia chungu jikoni. Wiki mbili zile sikukaa kitako. Nilifua vilivyo safi, nilifumua mapazia ya watu nikayashona upya, nikamfokea kila aliyebisha hodi.

Tulilazwa wodini mchana, upasuaji kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimemvalisha lile gauni tena, hofu yangu wasije wakampima upya. Hawakumpima. Wakamvalisha nguo ya hospitali, gauni nikalitia kwenye mfuko. Nikapumua.

Jirani yetu wa kitanda cha pili alikuwa Mama Pacha. Mmoja wa pacha wake alipasuliwa mwaka uliopita, na siku ile alikuja kuangaliwa tu. Mtoto anakimbia huyo! Anazunguka vitanda, shati wazi, kovu limemshuka katikati ya kifua, na muuguzi nyuma yake anamkemea. "Huyu alikuwa hamalizi ziwa bila kupumzika," Mama Pacha akaniambia. Nilimtazama mtoto wa watu anavyokimbia nikalia, tena si machozi ya heshima, ya kamasi kabisa. Nilimtaka Chiriku wangu akemewe hivyo hivyo.

"Usiogope, shoga," akasema. "Hata dawa ya usingizi wanaipima kwa kilo zake. Mtoto ana kilo hizi, anapewa hivi."

"Na ikizidi?"

"Eeh, isizidi! Vimoyo hivi havivumilii kosa."

Nikamkimbilia Sista, muuguzi mkuu wa wodi, aliyekuwa na mafaili mkononi. "Mtampima tena kabla ya kumlaza usingizi?"

"Mizani ya wodi ni mbovu, tunatumia uzito wa kwenye kadi. Kwani vipi?"

"Hapana. Nauliza tu."

Nilienda chooni bila haja. Nikaenda dirishani. Nikafungua bomba, nikafunga, nikarudi chooni. Nikisema, nafasi inakwenda kwa mwingine, na kikosi hakirudi mpaka miezi mitano ipite, na mimi nimeiona midomo ya mwanangu. Nisiposema je? Kitandani Chiriku alikuwa anamfundisha mwanasesere kupumua. "Vuta. Toa. Ngoja, pumzika kwanza."

Mficha uchi hazai. Nilichukua mfuko nikamfuata Sista, nikamtupia gauni mikononi.

Akalipapasa pindo. "Nini hivi?"

"Vyuma vya pazia."

Akaligeuza pindo, akauliza, "Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Mama, unajua ungemfanya nini huyu mtoto?"

"Nimejua sasa hivi."

Daktari alinigombeza mpaka wodi nzima ikanyamaza, na kila neno lilikuwa haki yangu. Mizani ikaletwa kutoka kliniki. Uchi wa mnyama, kilo tisa na gramu mia nne. Kabla ya jioni, kwenye kitanda chetu alikuwa amelazwa mtoto mwingine.

Baba Chiriku alitukuta kwenye ngazi za nje, mtoto amenisinzilia begani. Nilimweleza yote. Akatoa kisu chake kidogo, akaanza kufumua lile pindo, chuma kimoja kimoja, anavitia mfukoni.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungesema kila kitu na wakati wake."

"Ningesema, ndiyo. Halafu ningekusaidia kulisha." Akajifuta macho kwa lile pindo. Sikuwahi kumwona analia, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Toka siku ile kijiko alikishika yeye. Daktari alitufundisha kutia mafuta kwenye uji na kumpa kidogo kidogo, mara nane kwa siku. Baba mtu akaufanya mdomo kuwa bomba. "Fundi, fungua, maji yanakuja!" Chiriku anafungua. "Bomba limeziba!" Anameza. Mimi nilimfukuza na kijiko mwaka mzima, kumbe kwa mwenzangu ni mchezo wa bomba! Nilimwonea wivu, sifichi.

Miezi mitano ikapita, kikosi kikarudi, nasi tukarudi kliniki. Muuguzi yule yule. "Viatu tu, mama."

"Hapana," nikasema. Nikamvua gauni, nikamvua chupi, utepe wa nywele, hata hereni zake ndogo. Foleni ilinung'unika, nikaiacha inung'unike.

Mshale wa mizani ukayumba, ukatulia. Kumi na gramu sitini.

"Tayari huyu," muuguzi akasema. "Anapasuliwa Alhamisi."

Alhamisi. Ndipo kisu cha daktari kikanijia machoni. Kifua kile nilichokipaka mafuta tangu azaliwe, wataenda kukifungua.

"Pima tena," nikasema. "Mizani huenda imekosea."

Muuguzi hakunicheka. Akampima tena. Kumi na gramu sitini. Baba yake akanishika kiwiko.

"Mama," Chiriku akauliza kutoka juu ya mizani, uchi, anatetemeka kwa baridi, "nimefika?"

"Umefika, mwanangu."

"Basi nivalishe."

Nililitwaa gauni la njano. Vifungo vitatu tu vya mgongoni, na mimi, fundi wa miaka kumi na tano, vilinishinda. Ikabidi baba yake avifunge, na Chiriku akalikung'uta pindo mara mbili kuhakikisha.

"Sasa jepesi," akasema.