Bampa ya Mbele

Phelis Mokeira alimtambua yule mzee kabla hajashusha gunia kutoka kwenye mkokoteni. Uso haukumsaidia, maana uso ulikuwa umekunjamana wote. Alimtambua kwa namna ya kusimama, mguu mmoja mbele na kidevu juu, kama mtu anayengojea wachumaji waliochelewa ili awarudishe nyumbani bila kazi. Kipkosgei. Nyapara wa shamba la chai la juu. Mdomo wa huyu ndio uliofanya baba yake Phelis azikwe bila wimbo.

Yeye hakumtambua Phelis. Angemtambuaje? Mwaka ule wa mgomo, hamsini na tisa, Phelis alikuwa mtoto tu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama sanduku za kiberiti, na nyapara hakuwa na haja ya kuangalia watoto wa laini. Sasa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, pale sokoni Kapsoit kila mtu alimwita Mama Omariba, yule mjane Mkisii anayepaka vyuma vikang'aa: usukani wa baiskeli, vikombe vya michezo vya shule, vinara vya kanisani.

"Mama, hamjambo. Nimeambiwa wewe ndiyo unafanya kromu."

"Ninafanya."

"Pasi nimeleta vyuma ya kari." Alisema *pasi*, na *kari*, kama wazee wengi wa Kipsigis wanavyosema, ulimi ukipita juu ya herufi bila kujali kama ni hii au ile.

Akamwaga gunia mezani. Vifuniko vya magurudumu, vishikio vya milango, pete za taa, boliti zilizoliwa na kutu. Mwisho akafungua blanketi taratibu. "Na hii ni pampa ya mbele."

Hakuhitaji kuambiwa. Kulikuwa na gari moja tu lenye bampa pana namna ile katika mashamba yote aliyoyajua utotoni, nalo lilikuwa ile Humber nyeusi ya bwana meneja.

"Umeitoa wapi?"

"Kari ilikuwa imetupwa nyuma ya kiwanda, kuku wanalala ndani. Kampuni ikauza na takataka zingine. Mimi nikatoa ponasi yangu ya majani. Iko kwangu Roret sasa, chini ya mapati, injini tayari inawaka. Nataka irudi vile ilikuwa."

Phelis akawaza. Nakuru kuna karakana kubwa za kromu. Kwa nini mzee wa Roret aje kwake? Tangu mwaka tisini na mbili, moto wa vita vya kikabila ulipopita vijijini na majirani wakaacha kuamkiana, Phelis alikuwa amefuta jina lake mlangoni na kuandika KROMU peke yake. Hakuwa tena mtu wa kuamini mteja kwa sababu amesalimia vizuri. Huenda huyu ametumwa aje aone nani anakaa wapi. Au ameshajua yeye ni binti ya nani.

Alianza kazi kama kawaida, ili ampime. Juu ya meza alikuwa ametundika vijiko vya chai kwenye waya, kila kimoja na rangi yake, kwa kuwa watu ukiwatajia majina ya madini wanaitikia tu, lakini kijiko kila mtu anakijua.

"Hiki ni kromu. Angalia, ina ubluu kidogo, kama maji baridi. Hiki ni nikeli. Nayo inang'aa, lakini ina umanjano, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji. Hiki kilichofifia ni nikeli ambayo sijaisugua. Na hiki cha rangi ya asali ni zinki, ya boliti na vitu vya chini. Hiyo ni ya kuzuia kutu, si ya kuonwa."

Mzee alishika kijiko cha zinki, akakinusa. "Hii haiwezi kuharipu uji?"

"Si ya kula, mzee."

"Nauliza tu. Kijiko ni kijiko."

Phelis nusura acheke, akajizuia. Huyu hakustahili kicheko chake.

Mzee alichagua polepole, na alichagua kama mtu anayejua. Boliti zote zinki. Vishikio vya nje kromu. Pete za taa za ndani nikeli, akasisitiza, si kromu, kwa sababu zilikuwa na umanjano. "Mimi niliosha hii kari miaka mingi, mama. Walinitoa kwa unyapara wakanipeleka kereji."

Walikutuza, Phelis akasema moyoni. Walikuondoa kwenye mvua na kukuweka kivulini kwa sababu ya kazi uliyowafanyia.

"Na bampa?"

Mzee alipitisha kiganja juu ya chuma. "Hii toa yote. Kromu, shapa, kila kitu, mpaka chuma chenyewe. Usijaze pahali. Nitakuja nione kwanza, ndiyo tuchakue rangi."

Tangu Phelis aanze kazi ile na marehemu mumewe, hakuna mteja aliyewahi kusema *usijaze*. Watu huleta vyuma vilivyotoboka kama chujio wakitaka mashimo yote yazibwe. Huyu alitaka chuma kitupu, tena akione yeye kwanza. Bila shaka kulikuwa na kitu mle ndani, na mzee alikijua. Labda alitaka kukipiga tupa kiishe kabisa, kisibaki cha kumsumbua uzeeni.

"Njoo Alhamisi," Phelis akasema. Na alijua kwamba yeye hatangoja hiyo Alhamisi.

*

Nyaberi, baba yake, alikuwa Msabato wa kuapia. Hakunywa hata chai aliyoichuma kwa mikono yake. Alisema inasisimua mwili. Siku ya nne ya mgomo alipatikana amekufa barabarani, chini ya kona ya kiwanda. Bwana meneja akasema alikuwa akipita na gari lake, na kabla hajafika pale mtu alianguka mwenyewe, gari halikumgusa.

Kesi ilisikilizwa na afisa mmoja mzungu, ndani ya ofisi ya shamba, familia na wafanyakazi wakiwa wamefungiwa nje. Shahidi alikuwa nyapara Kipkosgei. Alisema kwa Kiswahili, karani wa kampuni akageuza kuwa Kiingereza, na baadaye karani huyohuyo akatoka barazani kuwasomea hukumu wafanyakazi: shahidi ameapa kwamba Nyaberi alikuwa na pombe. Mlevi kaanguka. Kampuni haina deni.

Kabla ya wiki kwisha familia ilikuwa imetolewa kwenye laini, sufuria zikarushwa nyasini. Lakini hilo si lililomuua mama yake Phelis angali hai. Lililomuua ni wazee wa kanisa kusema kwamba mtu aliyekufa na pombe hazikwi kwa wimbo. Walimfukia Nyaberi kimya kimya, kama mbwa wa jirani. Na tangu hapo mama huyo, Esnah, sasa bibi wa macho mazito, hajaimba kanisani. Huenda kila Sabato, anakaa nyuma, anafunga mdomo.

*

Jioni ileile Phelis alitumbukiza bampa kwenye asidi. Kromu ikatoka, kisha nikeli, ikabaki shaba nyekundu. Alipoitoa shaba nayo, upande wa kushoto lilitokea doa la kijivu, pana kama kiganja.

Lehemu. Mtu alikuwa amejaza pale zamani, akasawazisha, akapaka shaba juu, akapaka nikeli juu ya shaba, na kromu juu ya vyote. Kazi ya fundi mzuri, ya mjini. Phelis aliwasha tochi ya gesi akapasha moto lile doa. Lehemu ikalainika, ikadondoka sakafuni kama machozi mazito, na chini yake chuma kilikuwa kimebonyea: nusu duara, safi, kama alama ya kitako cha debe.

Alikaa chini. Kwa hiyo gari liligusa. Liligusa, likapelekwa likatengenezwa, likarudi linang'aa. Na aliyeliosha miaka yote ile alijua.

Alifunga bampa kwa blanketi akaisukuma chini ya kitanda cha mama yake.

"Ni nini hicho?" Esnah akauliza.

"Chuma cha mtu."

"Chuma cha mtu kinalala kwangu?"

"Kilale tu, mama."

*

Alhamisi mzee alifika amevaa koti na kofia, kama anayekwenda kuposa. Phelis alimwonyesha boliti za rangi ya asali, pete zenye umanjano wake. Mzee akazigeuzageuza, akaridhika. Kisha macho yake yakaanza kutafuta.

"Na pampa?"

"Imeliwa na asidi. Ilikuwa imeoza ndani. Pole sana."

Mzee hakugomba. Alivua kofia akakaa juu ya kreti, akawa mdogo ghafla. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka. Hizi zingine ni mapampo tu." Kisha akauliza, "Kapla haijaisha, uliona alama?"

"Alama gani?" Phelis aliuliza.

"Upande wa kushoto. Nikiosha, nikiangalia mapati ya kereji ndani ya kromu, yalikuwa yananyooka yote, yakifika hapo yanapinda. Nikajua kuna kitu imefichwa. Hapo ndipo kari ilimpiga yule mtu, kwa pompa."

Phelis alisikia neno moja tu, lilelile alilokuwa amelisikia barazani akiwa mtoto, na damu ikampanda kichwani. "Mpaka leo, mzee? Mpaka leo unakuja kwangu kusema pombe? Yule mtu ni baba yangu. Mimi ni binti ya Nyaberi. Hakuwahi kulamba pombe hata kwa kidole."

Mzee alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wewe ni wa Nyaperi?"

"Mimi."

"Nani amesema pombe?"

"Wewe. Uliapa."

"Mimi nilisema pompa." Akasimama, akapeleka mikono nyuma ya mabega, kama anayevaa mkoba mzito, kisha mkono mmoja ukaanza kupanda na kushuka kando ya kiuno, ukivuta kitu kisichokuwepo. "Ya shapa. Ya kunyunyiza tawa kwa miche. Miche yake mwenyewe ilikuwa inakufa kitaluni, akasema mkomo ni wa kazi ya kampuni, si wa kuua miche. Nilikuwa juu kwa mteremko. Nilisikia chuma ikikonka chuma. Nikamwambia yule karani: alikuwa na pompa mkonkoni."

Bomba. Alikuwa na bomba mgongoni.

Kumbe wakati wote ule lilikuwa bomba. Lakini akili yake haikuwa ya kulala haraka. "Ulisema *mgongoni*?"

"Nilisema."

"Nani hubeba pombe mgongoni? Karani alisikia bomba akasema pombe, haya, masikio yana makosa. Na *mgongoni* alilipeleka wapi?"

Mzee akashusha mikono. "Mimi Kiingereza sikuwa najua, mama. Sikujua amesema nini. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, wakanihamisha kereji siku hiyohiyo. Nikauliza watu wa Nyaperi wako wapi. Wakaniampia mmelipwa vizuri, mkaenda kwenu Kisii mkafurahi."

"Walitutupa nje. Tukaambiwa ni wewe."

Kwa miaka yote hiyo kampuni ilikuwa imewapa Wakisii hadithi moja na Wakipsigis hadithi nyingine, na hakuna upande uliowahi kwenda kuuliza upande wa pili. Mwaka wa moto ulipofika, hadithi zile zilikuwa bado zinafanya kazi.

Pazia la chumba cha nyuma lilisogezwa. Esnah alikuwa amesimama, akiikokota bampa kwa ncha moja, blanketi likiburuta.

"Mwambie arudie," akasema. "Afanye tena ule mkono."

Kipkosgei akafanya. Mkono ukapanda, ukashuka. Esnah akautazama, akaitazama ile nusu duara kwenye chuma, akaigusa kwa kidole gumba. "Ni kitako chake," akasema. "Hicho kitako kilikuwa kinanichafulia sakafu kila jioni."

Phelis aliona haya kidogo kuhusu ule uongo wa asidi, lakini mzee hakuutaja.

"Sasa, mama," akasema, "tuchakue. Nikeli ama kromu?"

Phelis alivitazama vijiko. Nikeli ingefifia, ingelifanya lile pengo lionekane kama kivuli tu. Kromu ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, inafuata kila kinachokuwa chini yake, halafu inakimulika.

"Kromu," akasema. "Bila kujaza."

*

Sabato kadhaa baadaye Humber nyeusi ilisimama nje ya kanisa la Wasabato, ikiwaka kila mahali, na watu wakaanza kunong'onezana: gari zuri namna hii, bampa imebonyea, fundi gani huyu ameachia hivyo?

Phelis alikuwa amemweleza mzee wa kanisa, Mokaya, kabla ya ibada. Mokaya alikuwa kijana mwaka ule, mmoja wa waliobeba jeneza. "Nimesikia," akamjibu, "lakini ushahidi ni wake mwenyewe. Aseme mbele ya watu." Phelis hakuupenda uso wake. Alimwona akimpa jirani jicho, na akajua wanachongoja: mzee afungue mdomo, ulimi uteleze, kanisa zima lisikie *pombe* kwa mara ya pili.

Kipkosgei aliingia. Hakuwa wa dini ile na hakujua pa kukaa, basi alipita katikati moja kwa moja mpaka mbele. Mgongoni alikuwa amebeba bomba la zamani la kunyunyizia dawa, shaba tupu, mikanda mipya. Alilishusha juu ya meza, kando ya Biblia. Kitako chake kikaacha duara la vumbi juu ya kitambaa cheupe.

"Nyaperi alikuwa na hii," akasema. Hakulitaja jina la kile chombo.

Mokaya alilitazama lile bomba, kisha akatazama mlangoni, ambako bampa ilikuwa inarudisha jua ndani mpaka ukutani. Kabla hajasema lolote, nyuma kabisa, sauti ya kizee iliyopata kutu ikaanza wimbo wa mazishi, bila kungoja kuruhusiwa.