Hema la Stefano

"Habari za asubuhi, mama. Maji ya moto tayari."

Costancia alifumbua macho, akalitazama turubai likimpigapiga karibu na pua, akayafumba tena. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha wageni wa kambi ya Mikumi miaka yote ambayo mumewe aliwasimamishia mahema na kuwachemshia maji ya kuoga kabla hawajaenda kutazama simba. Nyumbani kwao Kilosa haikuwahi kusikika. Huko Stefano alikuja mapumziko mafupi, akala, akalala, akarekebisha bawaba moja ya mlango, akarudi porini.

"Baba Yusta, mimi si mzungu."

"Najua, Mama Yusta. Yanapoa."

Alitoka nje akiwa ameshika khanga kwa mikono miwili. Upepo ulimpokea kwa konzi ya mchanga mdomoni. Beseni lilikuwa limewekwa vizuri kabisa mbele ya hema, taulo limekunjwa pembeni yake, na maji yenyewe yamekuwa tope. Mumewe alisimama kando, mikono nyuma, akisubiri apongezwe.

Costancia hakuja baharini kuoga kwenye beseni. Alikuja kutafuta jibu. Sikuzani, shoga yake anayeuza chakula stendi ya Mikumi, alikuwa amemnong'oneza: mzee wako anastaafu, lakini wenye kambi wamembembeleza aongeze miaka miwili. Costancia akasubiri mumewe alete habari hiyo mwenyewe. Stefano alikuja nyumbani na hema mgongoni, na badala ya habari akaleta wazo: twende baharini, tukalale kwenye hema, hujawahi kuiona bahari. Wakapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kisha basi la Bagamoyo, na njia nzima mwanaume alizungumzia vigingi.

Costancia alikubali safari kwa hesabu yake. Huko hakuna ndugu wala jirani wa kupiga hodi. Watatembea ufukweni wawili, atamuuliza, naye hatakuwa na pa kukimbilia. Akisema anarudi Mikumi, basi. Binti yao Yusta amejifungua Dodoma na anamtaka mama yake akakae naye moja kwa moja. Anataka jibu kesho, Jumapili. Costancia atafunga nyumba ya Kilosa, ufunguo atamwachia jirani. Amelinda vya kutosha mlango wa mtu asiyeingia.

"Tutembee," alisema baada ya chai, ambayo nayo ilikuwa na mchanga.

"Subiri nikaze kamba."

Alikaza kamba. Kigingi kikang'oka. Akakipigilia tena kwa jiwe, kikazama chote, upepo ukavuta, kikatoka kama jino bovu. Udongo wa Mikumi ukishapokea kigingi haukiachii mpaka ukibembeleze. Mchanga huu haukuwa na adabu hiyo.

Mwenye uwanja ule wa kupigia mahema, mama mmoja aitwaye Joha, alikuja akiwa ameshika ushungi wake kidevuni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," waliitikia pamoja.

"Baba, huku ni mchanga mtupu. Kigingi hakishiki. Nikupe viroba, uvijaze mchanga, uvifunge kamba, uvizike. Hapo ndipo hema litakaa."

"Mwanangu," Stefano alisema bila kuinua kichwa, "mahema nimeyajua kabla hujaolewa."

Joha alimgeukia Costancia, macho yakimcheka. "Mama, jogoo wa shamba hawiki mjini."

"Huyu hata shamba hajui," Costancia alimjibu. "Shamba nalima mimi."

Joha akacheka, akaviacha viroba vyake pale chini hata hivyo.

Asubuhi yote ikaenda hivyo. Kila Costancia alipofungua mdomo, kitu kilipeperuka. Alianza, "Baba Yusta, kuna jambo nataka tuongee," na sufuria likabiringika. Alianza tena, na Stefano akaziona ndizi mbivu alizoweka mkewe ndani ya hema.

"Ndizi hemani! Mama Yusta, unataka kutuua? Tembo ananusa ndizi toka mbali."

"Tembo atoke wapi? Majini?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Akazichukua ndizi za watu, ndizi zilizobebwa kwa uangalifu kutoka Kilosa, akazifunga juu kwenye mti wa mvinje. Tembo hakuja. Kunguru walikuja, wakazila zote huku wakipiga kelele. Kisha akamwambia asiache viatu nje, fisi huvichukua. Kisha akamwambia asiende chooni bila kusindikizwa. Costancia aliyasikiliza yote hayo na moyo ukamjaa hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu aliyemlea mtoto peke yake, aliyekesha peke yake usiku mto Mkondoa ulipofurika na maji yakaingia mpaka jikoni, leo asindikizwe chooni!

Na kusindikiza kwenyewe! Huyo ndiye mwanaume asiyejua kutembea na mkewe. Kambini walimfundisha kwamba mfanyakazi hukaa nyuma ya wageni ili awaone wote, na desturi hiyo akahamia nayo Kilosa. Wakienda sokoni, Costancia anaongea, anageuka kusikia jibu, anakuta anaongea na muuza nyanya. Mume yuko nyuma huko, mikono mgongoni. Watu walikuwa wakimuuliza, "Mmegombana?" Zamani alicheka. Siku hizi alijibu, "Ndiyo."

Mchana upepo ulizidi. Hema likavimba, likajipinda, vigingi vyote vya upande wa bahari vikatoka kwa pamoja. Stefano alilirukia, akaikumbatia nguzo yake, miguu imetanuka.

"Shika hapo, Mama Yusta!"

"Sishiki."

"Litaondoka!"

"Liondoke! Nimekuja kutembea na wewe, nimeomba tangu asubuhi. Kaa na hema lako. Hilo ndilo ulilooa."

Akavua ndala, akazishika mkononi, akaenda zake.

Alitembea kwa hasira, na mchanga haukubali mtu atembee kwa hasira. Kila hatua ulimrudisha nusu. Upepo ulimvuta khanga, ukamvua kilemba, ukamlisha nywele zake mwenyewe. Bahari ilikuwa ya rangi ya maji ya kufulia na ilipiga kelele kuliko kinu cha kusaga. Hiyo ndiyo bahari iliyosifiwa redioni! Aliisonya. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemsikia, alianza kumpa mumewe maneno yake yote kwa sauti, tangu harusi: jinsi alivyojifungua huku mume akiwa porini, jinsi alivyoezeka bati na fundi mlevi, jinsi anavyopakua chakula cha mtu mmoja na bado anaweka sahani mbili. Alipofika hapo sauti ilimkatika. Alijua sasa kwamba kesho atamwambia Yusta anakuja, na alijua pia kwamba hataki kwenda Dodoma hata kidogo.

Ufukwe uliishia kwenye mikoko. Akajifuta uso, akageuka arudi.

Stefano alikuwa nyuma yake. Si karibu, wala si mbali; palepale anapokaaga siku zote, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono mgongoni. Nyayo zake zilikuwa zimefuata za mkewe tangu mwanzo wa ufukwe.

Alisema kitu. Upepo ukakichukua.

"Sisikii!" Costancia alipiga kelele. "Njoo hapa useme!"

Akaja, akasimama mbele yake akihema.

"Unarudi Mikumi, au hurudi?" Costancia aliuliza. "Nijibu sasa hivi."

Stefano alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nirudi kufanya nini? Niliwakatalia siku ileile waliyoniomba."

"Uliwakatalia?"

"Ndiyo."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Costancia aliangalia ndala mkononi mwake, akaona ni nyepesi mno kwa kazi aliyotaka kuifanya nayo. Mwezi mzima hajalala vizuri! Amekwisha kugawa kuku wake kichwani, huyu kwa jirani, yule kwa mama mchungaji!

"Na hema la watu utalirudishaje?" ndilo lililomtoka.

"Si la watu. Ni langu. Walitaka kuniaga kwa baiskeli, nikawaambia nipeni hema." Alikwaruza mchanga kwa kidole cha mguu. "Nimeamsha watu wa dunia nzima, Mama Yusta. Wewe sijawahi kukuamsha."

Costancia aliliona tena lile beseni la tope na taulo lililokunjwa, na mwenye kulileta akisubiri.

"Liko wapi sasa?"

Stefano alionyesha kwa kidevu. Mbali, karibu na minazi, kitu cha kijani kilikuwa kikibiringika, kinainuka, kinaanguka, kinakwenda bara. Joha alikuwa akikikimbiza na ushungi mkononi.

"Ukaliacha? Zawadi yako?"

"Ningefanyaje? Na wewe ulikuwa unakwenda."

Costancia alivaa ndala, akaanza kurudi, upepo sasa ukimsukuma mgongoni. Alikuwa akipanga moyoni kwamba kesho atamwambia Yusta amlete mtoto Kilosa, nyumba haifungwi, na akageuka kumwambia mumewe hivyo. Hakukuwa na mtu ubavuni. Mwanaume alikuwa ameshabaki nyuma, palepale pake, mikono mgongoni.

Costancia alisimama. Akaweka mikono kiunoni, akasubiri, huku hema likizidi kutokomea. Stefano naye akasimama, asijue kosa lake.

"Hapa," alimwambia, akimwonyesha mchanga uliokuwa kando ya mguu wake. "Utatembea hapa."