Mkutano wa Kula

Mwaka wa tisini na nne Kiganjo ilikuwa bado na nafasi ya kupumua. Nyumba za kupangisha hazikuwa zimebanana kama sasa, nguo ulizoanika zilikaushwa na upepo, si na moshi wa jirani, na nyuma ya shule ya msingi kulikuwa na uwanja. Usiulize uwanja wa nini. Ulikuwa uwanja tu: magoli mawili ya miti ya mikaratusi, nyasi upande huu, vumbi upande ule, na njia nyembamba iliyozunguka pembeni, ambayo haikuchongwa na jembe bali na miguu. Wavulana walipiga mpira wa karatasi na kamba pale, wasichana wakacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mama zao waje na fimbo, na mbuzi wasio na mwenyewe wakashiba bila kuulizwa. Waruguru akiukumbuka leo hununa kwanza, kisha ndipo hutabasamu. Hununa kwa sababu siku hizo alikuwa anaishi vizuri na hakuna aliyemwambia.

Lakini uwanja huo ulikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo aliijua yeye peke yake.

Mumewe, Bedan, alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha kahawa kule Ruiru. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Walikuwa wamegundua baada ya miezi ya kiu isiyokwisha na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi aliyewahudumia hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia Bedan aachane na soda, chips na ile chai ya vijiko vinne, na atembee nusu saa kila siku ya Mungu, la sivyo mguu ungekatwa.

Walipotoka hospitalini Bedan alimshika mkewe mkono na kumtaka aape. Mtu asijue. Si mama yake, si kanisa, si kikundi cha wamama. Pale kiwandani walikuwa wameanza kupunguza watu, na kila mwisho wa mwezi majina yalibandikwa mlangoni. Mgonjwa angetangulia. Tena wakati huo ukisema una sukari, watu waliangalia kwanza ukubwa wa shamba lako, kisha ukubwa wa jeneza.

Waruguru aliapa. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua, naye aliujua msemo huo vizuri kabisa, na bado aliapa. Ndoa ndivyo ilivyo.

Shida ilikuwa mahali pa kutembea. Barabarani hapakuwa na njia ya miguu, na malori ya mananasi yalipita yakikuacha ukishika kofia. Halafu kulikuwa na watu. Kiganjo hukutembea hatua kumi bila kuulizwa unaenda wapi, na mtu mzima akijibu haendi popote, anatembea tu, jioni habari ilimfikia mchungaji kwamba Baba Gathogo, yaani Bedan, ameanza kuchanganyikiwa. Kwa hiyo Bedan alitembea uwanjani, kabla jua halijatoka, peke yake, mizunguko kumi na miwili. Kisha alirudi, akala kiazi kitamu na chai isiyo na sukari, akapanda gari la Ruiru.

Ilifanya kazi. Kidonda kilifunga. Bedan aliyekuwa amegeuka mzee mnyamavu alirudia utani wake, akaanza tena kumwita mkewe mwalimu mkuu na kumwombea ruhusa ya kwenda kunyoa. Waruguru alimpata mumewe mara ya pili, na alimpenda kuliko mara ya kwanza, maana sasa alijua bei yake.

Basi siku moja mwezi wa Juni tajiri mmoja mwenye mabucha matatu akaja uwanjani na watu wa kupima ardhi. Alitaka kujenga baa, na kando yake pahali pa kuchomea nyama, na pahali pa disko, vyote hivyo mgongoni mwa shule. Alikuwa amewaambia wakubwa kwamba kiwanja hicho kimelala, hakuna anayekitumia. Kilichobaki ilikuwa barua ya chifu kuthibitisha hivyo.

Waruguru alikimbia kwa rafiki yake Tausi, ambaye wote tulimwita Mama Zaid. Tausi aliuza chips kwenye lango la shule, kwa mafuta yaliyokuwa meusi kuliko sufuria yenyewe, na Waruguru alitarajia angefurahia baa.

"Walevi wanakula chips kuliko watoto, hiyo najua," Tausi alisema. "Lakini Leila wangu anakimbia. Nikimnyima uwanja atakimbilia wapi, kwa lami? Sema tufanye nini."

Walikubaliana watu wa Kiganjo wakutane uwanjani Jumamosi saa nane, wapige kura ya mikono, na idadi ipelekwe kwa wakubwa kwa barua. Waruguru alipanda gari mpaka Ruiru kwa Macharia, mchoraji wa mabango. Macharia alikuwa ameishi Mombasa miaka miwili akipaka rangi mahoteli, na alirudi na kikombe cha kahawa chungu, kikoi, na Kiswahili alichokilinda kama yai. Waruguru alimtajia maneno, akatoa malipo ya awali, akaondoka.

Siku iliyofuata alienda kwa chifu kuomba kibali, kwa sababu enzi hizo watu zaidi ya wachache wakisimama pamoja ilikuwa lazima serikali ijue wamesimamia nini.

"Kura?" chifu aliuliza. "Mama, kura tulipiga mwaka juzi, zikatosha. Nikisikia mkutano wa kura hapo bila raiseni, nitawashika nyote."

Waruguru alirudi nyumbani miguu mizito. Alipofika penye kisima cha maji alikuta foleni ya wanawake wakimsubiri, wote wakicheka kwa furaha isiyo na maelezo.

"Mama Gathogo, tukuje na sahani zetu ama mko nazo?" mmoja aliuliza.

Alifuata macho yao. Bango lilikuwa tayari limeangikwa, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi safi isiyo na kasoro: MKUTANO WA KULA. JUMAMOSI SAA NANE. UWANJANI. NYOTE KARIBUNI. Kulikuwa na jingine penye mashine ya kusaga, na jingine penye steji ya magari. Kiganjo nzima ilikuwa imeshasoma.

Macharia alikuwa bado juu ya ngazi akifunga waya. Waruguru alimwita ashuke, kwa sauti aliyoiweka akiba kwa ajili ya mbuzi.

"Nilikwambia kura. Kura, ya kuinua mkono."

"Ndiyo, ulisema kura," Macharia alijibu kwa upole wa mtu anayejua. "Lakini mama, mimi na wewe ni watu wa huku. Sisi tukitaka kusema kula, ulimi unasema kura. Kila hoteli ya Ruiru wananiambia niandike 'Karibuni kura'. Nilijua ulimi umekuteleza, nikakurekebishia. Sikuongeza bei."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini msemo haukutaja mtu ambaye ulimi wake uko sawa na bado ukasahihishwa. Machozi yalimlengalenga Waruguru. Kibali hakuna, mkutano hakuna, na Jumamosi mamia ya watu wangekuja na njaa.

Alipomsimulia Tausi, aliyekuwa kwenye foleni, maneno ya chifu, Tausi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Kura inataka laiseni," alisema alipopata pumzi. "Kula inataka sufuria. Sufuria tunazo."

Wanawake wa kikundi walipika tangu asubuhi. Kila mtu alileta alichokuwa nacho, na Waruguru akasimamia mapishi, na bila kufikiri mkono wake ukafuata njia uliyoizoea mwaka mzima: githeri ya mahindi na maharagwe bila mafuta, nduma, yaani magimbi, viazi vitamu, mboga ya managu ya kuchemsha, na mapipa mawili ya chai ambayo hayakuona sukari hata kwa mbali. Bedan angekula pale, na alipika kama mke wa Bedan. Alipogundua alichofanya, watu walikuwa wameshajaa.

Na walijaa kweli. Waislamu wa upande wa msikiti walikuja na mikeka, watu wa kanisa walikuja na viti, watoto walikuja na vikombe viwili viwili. Walinung'unika kuhusu chai, wakanywa. Walinung'unika kuhusu githeri, wakaomba nyongeza. Waruguru hajawahi kuona tena alasiri kama ile, jua la Julai likiwa dogo na la adabu, na watu wote hao wamekaa kwenye nyasi bila mtu kuwauzia chochote.

Chifu alifika saa tisa na askari wawili. Alisimama, akatazama, akatafuta mikono iliyoinuliwa, akaona mikono yote imeshika vijiko.

"Kura iko wapi?"

"Hakuna kura, chifu," Tausi alisema. "Soma bango. Karibu."

Chifu alisoma, akarudia. Hakuna sheria iliyokataza nduma. Aliketi, akapewa sahani, na kwa vile mkono mtupu haulambwi, uso wake ukalegea kidogo. Kisha akaonja chai.

"Hii chai imefiwa na nani?" aliuliza, na watu wakacheka. Lakini yeye aliweka kikombe chini. "Sasa mmekula. Nisikizeni. Nimeambiwa hii ploti imerara, na barua yangu inatakiwa Jumatatu. Msiniambie watoto, watoto wanacheza hata kwa mtaro. Nionyesheni mtu mzima mmoja anafanya kitu hapa kila siku. Mmoja tu. Kama hakuna, naandika."

Kicheko kilikatika. Watu walitazamana. Mtu mzima, kila siku? Hakuna aliyemjua mtu huyo.

Waruguru alimjua. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, zito kama jiwe, na hatua tatu kutoka kwake alikaa Muigai, aliyefanya kazi meza moja na Bedan kule kiwandani, mtu mwenye mdomo uliofika Ruiru kabla ya gari. Akisema, uwanja ungepona na Bedan angepoteza kazi, na zaidi ya kazi, angepoteza mke aliyemwamini. Asiposema, baada ya miezi sita mumewe angetembea wapi? Aliinamisha kichwa akatazama nyasi. Alimchukia chifu, akamchukia Macharia, akauchukia ule mdomo wake ulioapa.

"Hiyo chai ni yangu."

Bedan alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

"Niko na sukari, chifu. Sasa ni mwaka na miezi mitatu. Hospitari walisema nitembee ama wakate mguu. Kila asubuhi nazunguka hapa mara kumi na mbili, hiyo njia mnaiona pale pembeni, nusu yake ni viatu vyangu. Hii uwanja hairari. Ni nyinyi mnarara."

Mzee mmoja alivua kofia, kama vile mtu amekufa. Waruguru aliinua macho akamwona mumewe, na alitaka kwenda kumshika, lakini alijua hiyo ingemwaibisha.

Muigai alikohoa.

"Mimi ni presha," alisema, akiongea na sahani yake. "Nilidhani ni mimi peke yangu pale kazini naficha."

Halafu mama mmoja wa kanisa akasema na yeye ni presha. Halafu Tausi akasema daktari alishamwambia aache kuonja chips zake mwenyewe, na kwamba mafuta yale yeye hawezi tena kumpa mtoto wa mtu, Jumatatu anaanza kuuza viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha, wasiotaka wahame.

Chifu hakuahidi kitu. Aliomba chai nyingine, hivyo hivyo ilivyo. Alipomaliza alimwita Bedan kando ya goli, na Waruguru aliyekuwa akikusanya vikombe karibu nao alimsikia akiuliza kwa sauti ya chini: hiyo kiu, ilianza namna gani? Na usiku, mtu anaamka mara ngapi?

Barua ilisema uwanja unatumika kila siku na watu wazima kwa maagizo ya daktari. Tajiri alipata kipande chembamba upande wa barabara, akajenga bucha la nne. Na Desemba jina la Bedan lilibandikwa mlangoni kule Ruiru, la tatu kutoka juu. Hakujua ni sukari au ni zamu yake tu, na hakuuliza. Miaka yote iliyofuata walikula jasho la kuuza mboga, na hakuwahi hata mara moja kumwambia Waruguru kwamba anajuta. Aliishi miaka kumi na mitano zaidi, kwa miguu miwili.

Lakini siku Waruguru anayoitaka irudi ni Jumatatu ile, siku mbili baada ya kula. Aliamka akakuta upande wa Bedan wa kitanda umeshapoa, kama kawaida. Alijifunga shuka akatoka kumfuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya siri. Ukungu wa Julai ulikuwa umekaa uwanjani, na ndani yake kulikuwa na watu. Wengi, wamevaa makoti na viatu vya kanisani kwa kukosa vingine, wakizunguka wawili wawili na kusalimiana kila wanapopishana, na mmoja alikuwa na umbo kama la chifu ingawa hakuwa na kofia. Waruguru alisimama kwenye njia akitazama nyuso zikipita, na kwa mara ya kwanza ilimbidi amtafute mumewe.