Pale Alipokuwa Akisimama Ghanim

Ghanim alipokufa, watu wa mtaa wa Wadi Kabir waliacha kwenda uwanja wa mpira. Hakuna aliyewakataza. Kila mtu kivyake hakuona cha kwenda kutazama. Gari lilipinduka naye njia ya kwenda mji wa Sur, umri wake hata thelathini haujafika, na habari ikaishia hapo. Mwaka ulipogeuka, wapenzi wa timu wakasema pachezwe mechi ya kumkumbuka, Ijumaa baada ya Alasiri, na Bakhit akatumwa kwenda kumwomba ruhusa Bi Nasriya, mama yake Ghanim.

Bakhit alikuwa dereva wa lori la maji. Shule aliiacha mapema na maneno ya kuremba hakuyajua. Kazi yake timuni ilikuwa kuumwagia uwanja maji kabla ya mchezo ili vumbi litulie. Bi Nasriya alimkaribisha kahawa na halua, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi uwanjani sijatia mguu maisha yangu," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kufua jezi. Ruhusa nnakupeni, na mwenyewe nnakuja. Lakini wewe Bakhit utanionyesha pale alipokuwa akisimama mwanangu. Nnataka kupaona pahala hapo, basi."

"Nitakuonyesha," Bakhit akajibu.

Alipopanda lori lake ndipo akili ilipomrudia. Ghanim hakuwa na pahala. Kipa akiumwa, Ghanim alivaa glavu. Beki akienda safari, Ghanim alirudi nyuma. Magoli yakikosekana, alipelekwa mbele akafunga, kisha akarudi katikati kana kwamba amekwenda dukani kununua mkate. Wageni walikuwa wakiuliza yule namba ngapi, na watu wa Wadi Kabir wakicheka. Sasa mama mtu anataka pahala pamoja tu, na Bakhit ameshasema atamwonyesha.

Ijumaa ile hewa ilikuwa nyepesi, ya majira ya baridi. Bakhit alizunguka na lori taratibu, maji yakitawanyika nyuma yake, na ardhi ikatoa ile harufu inayomfanya mtu asahau alikuwa akiwaza nini. Milima myeusi ilisimama karibu, na jua lilikaa juu yake kama halina haraka. Magari yakaja, yakapangwa pembeni, watu wakakaa juu ya boneti kama zamani. Akaliona na gari la Muhsina, dada yake Ghanim, limesimama karibu na mstari, Bi Nasriya amekaa mbele, kioo kimeshushwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu. Watu wale hawampiti mtu mzima bila ya kumwamkia. Kila aliyefika alikwenda dirishani, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mguu je. Na kila aliyemaliza salamu aliona si vizuri kumwacha mama wa watu bila ya neno juu ya mwanawe. Bakhit alikuwa ng'ambo ya uwanja, na maji ya tangi hayajesha.

Saeed wa benki alianza. "Unaliona goli lile la upande wa maghala, Bi Nasriya? Pale ndipo palipokuwa pake. Kipa yule. Penalti anaidaka kama mtu anapokea embe."

Akaja Sleiman wa kule Sidab. "Upande wa mlimani, mama. Kule pembeni. Akikimbia, beki wao anabaki kuulizia njia."

Hamood, aliyezaliwa Tabora, aliwasikia akashuka kwenye boneti. "Mama, hawa wanakuchanganya. Ghanim alikuwa beki wa kati. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya goli kila wiki, nilimwona kwa macho yangu."

"Wewe yakhe ulikuwa ukikaa pale kwa ajili ya kivuli," Saeed akamwambia. "Nusu ya mchezo umelala."

"Nikilala naona zaidi yako na miwani yako."

Walicheka, na wakaendelea kubishana mbele ya dirisha. Bakhit alipofika, miguu imelowa, Bi Nasriya alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Washa gari, Muhsina," alisema. "Twende zetu."

Wanaume wakasogea nyuma.

"Mwaka mmoja tu, Bakhit," akasema. "Nimekuulizeni jambo moja. Huyu ananambia kule, huyu ananambia huku. Mmeshamsahau. Mnakumbuka mpira wenu tu."

"Hatujamsahau."

"Basi nani anasema kweli?"

"Wote."

Bi Nasriya alimtazama kama anayetazama mtu anayemfanyia mzaha kaburini. Bakhit akafungua mlango wa gari.

"Shuka, Bi Nasriya."

"Bakhit, matope," Muhsina alisema. "Na wanaume wote hawa."

"Akikaa garini hatoona kitu. Shuka, mama."

Bi Nasriya akashuka. Aliinua buibui lake kidogo, akakanyaga ardhi iliyolowa, na wachezaji waliokuwa wakipasha misuli wakatoka nje ya mistari bila ya kuambiwa. Bakhit alimpeleka golini kwanza. Akamwita Saeed, Saeed akaja akasimulia penalti ile, safari hii bila ya maembe. Bi Nasriya aliweka kiganja kwenye mlingoti wa goli, akakiacha pale kwa muda.

Wakatoka polepole. Mbele kidogo Hamood alikuwa amekwisha simama, mikono nyuma, akisema hapa mama, hapa aliruka juu na damu ikimtoka puani, hakutoka uwanjani. Wakapinda upande wa mlimani kwa Sleiman. Vumbi jepesi lililokataa kulala lilining'inia kwenye mwanga, na mtu angeapa kuna mwengine anatembea mbele yao, mguu wake unagusa chini sasa hivi na alama haionekani. Watu wakaanza kuja wenyewe. Mmoja alisimama hapa, mwengine pale, kila mtu pahala alipomwona, mpaka uwanja mzima ukawa na watu waliosimama wakimsubiri mama apite.

"Ndiyo maana," Bi Nasriya akasema katikati ya uwanja. "Leo namba tatu, wiki ijayo namba tisa. Nilikuwa nkidhani mnazichanganya jezi."

"Hapana. Zilikuwa zake."

"Zote?"

"Zote."

Walifika goli la pili. Bi Nasriya alikuwa akihema, mguu unamuuma. Aligeuka akatazama walikotoka, akatazama na watu wale waliosimama kila pembe.

"Nimechoka," alisema. "Nitafutie pahala ambapo hakusimama, nikae."

Bakhit akaangaza huku na huku. Alichukua muda, maana hakutaka kumdanganya. Mwisho akaliona benchi la wachezaji wa akiba, ubao juu ya matofali, pembeni kabisa.

"Pale," alisema. "Pale hakuwahi kukaa hata siku moja."

Akampeleka. Bi Nasriya aliufuta ubao kwa kiganja, akakaa, akaiweka miguu yake yenye matope sawasawa mbele yake. Vijana wa akiba walimpisha, wakakaa chini.

"Haya," alisema. "Chezeni basi, nitazame."