Mashahidi wa Fadhila

Mjukuu wangu Fadhila alinyimwa nafasi ya udaktari kwa sababu ya herufi moja, na mimi nikaapa chuo kile kitanitambua. Walitaka fizikia iwe na D, mtoto akapata E. Baiolojia safi, kemia safi, lakini kompyuta ikasema hana sifa. Hana sifa! Mtu ambaye hapa mtaani kwetu Mirongo mtoto akijikata na wembe, mama yake anamkimbilia yeye kwanza, zahanati baadaye!

"Babu, nitarisiti mtihani wa fizikia," aliniambia siku hiyo majibu ya udahili yalipotoka. Alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele. "Mwakani nitaomba tena."

"Mwakani nani?" nikamfokea. "Mwakani mimi nitakuwepo? Mke wangu, unataka nisikie unaitwa daktari nikiwa nimelala kaburini?"

Ndivyo ninavyomwita, mke wangu. Babu asiyemtania mjukuu wake ni babu gani? Wazazi wake wako Geita, mimi nimemlea tangu darasa la kwanza, na marehemu bibi yake alimwachia kanga zake zote. Lakini siku hiyo sikuwa natania. Moyo wangu umechoka, hospitali wameniambia bila kuficha, na nilikuwa na jambo moja tu lililobaki duniani: nimsindikize mtoto huyu mpaka getini kwa chuo, nimshikie begi, nirudi nyumbani nikajilaze. Mwaka mzima kwangu haukuwa kitu cha kuahidiana ovyo.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi najua njia nyingine. Vijana mnaona kompyuta ilianza na Adamu. Sisi wa Azimio la Musoma ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu moja kwa moja. Unakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ukitoka unapangiwa kazi, kisha wafanyakazi wenzako wanakaa wanakujadili: huyu anafaa kusomeshwa au hafai? Mimi nilipangiwa kiwanda cha kuchambua pamba, huko ziwani.

Jamani, siku zile! King'ora kikilia jioni tunatoka tumejaa pamba kwenye nyusi, vijana wa miaka ishirini tunafanana na vizee. Tunajitupa ziwani na nguo zetu. Mbegu za pamba zilizoanikwa zina harufu yake, nzito, ya mafuta, na mpaka leo nikipita mahali nikaisikia nasimama. Halafu sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, mnakula sahani moja watu sita, hakuna anayemwonea mwenzake. Nimekula hotelini, nimekula harusini, sijakula vile tena.

Mkutano wa kunijadili ulifanyika kwenye bwalo la chakula. Nilitolewa nje, nikasubiri penye marobota ya pamba, nasikia sauti za watu bila maneno. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba Machibya, mtu wa mashine ya kufungia marobota, alisimama akasema, "Mashine iliponibana mkono, huyu Shaibu alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Mnataka apelekwe nani tena?" Nikaitwa ndani. Walipiga makofi mpaka sufuria zikalia jikoni. Nimepata shahada, nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, nimeagwa kwa zawadi na hotuba. Hakuna siku nyingine niliyojiona mtu kama siku ile.

Basi nikasema, chuo hiki kimekosa mashahidi tu. Nitakipelekea.

Mama Sabina anauza dagaa karibu na kwangu. Ana kisukari, na kidonda chake cha mguu amekisafisha Fadhila kwa miezi mpaka kikafunga. Nilipomweleza alisimama pale pale. "Mimi nitavua kiatu wauone huo mguu," akasema. Machibya bado yu hai, anakaa Mabatini kwa mwanawe. Nilimpigia simu akapiga kelele za furaha kama ameitwa harusini. Fadhila ndiye aliyelia.

"Babu, nakuomba. Siku hizi haiendi hivyo. Mtanifanya nichekwe na watu."

"Wewe nyamaza, hili ni la wakubwa."

"Basi mimi siji."

"Usije. Kwani sisi tuliingia wenyewe kwenye mkutano?"

Tukaenda watatu kwenye bajaji, Mama Sabina na kanga mpya, Machibya na koti la harusi ya mwanawe. Ofisi ya udahili tulimkuta dada mmoja anaitwa Gladness, mdogo, miwani mikubwa. Alisimama, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akatuvutia viti mwenyewe. Hapo nikamwona wa kwetu.

Mama Sabina akaanza, na kweli akavua kiatu. Alieleza kidonda kilivyonuka, wanawe wenyewe walivyokuwa wanaziba pua, na mtoto wa mwenzake anapiga magoti na maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya shule. Gladness alimsikiliza mpaka mwisho. Aliinama akautazama ule mguu, akasema, "Pole sana mama. Amekuhudumia vizuri." Nikamkonyeza Machibya. Tumeshinda, nikawaza.

Machibya naye akashika zamu yake, na Machibya akipewa nafasi hajui kona. "Ng'wanone, mwanangu," akamwambia yule dada, "sisi ndio tulikuwa tunawachuja watu wa chuo kikuu. Si kompyuta, sisi! Hakuna mbovu aliyepita mikononi mwetu. Mwaka wa huyu Shaibu waliletwa wawili, yeye na kijana wa Ukerewe, Obedi. Shaibu tukampitisha. Obedi tukamkata."

"Obedi alikosa nini, babu?"

"Mdomo. Alisimama kwenye kikao akauliza sukari ya duka la kiwanda inakwenda wapi. Mwenye duka akasema huyu mchochezi, hana nidhamu. Nasi tukanyoosha mikono, kwisha kazi."

Gladness akafikiri kidogo. "Na sukari ilikuwa inakwenda wapi?"

Machibya akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

"Ilikuwa inaibiwa," akasema polepole. "Na huyo huyo mwenye duka."

"Makubwa haya, madogo yana nafuu!" Mama Sabina akapiga makofi ya mshangao, kiatu bado mkononi.

Gladness hakucheka. Laiti angecheka, ningempandishia, maana nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye. "Babu zangu, mama yangu, nawaamini," akasema. "Kila mlilosema juu ya Fadhila naliamini. Lakini wiki iliyopita mtu mzito alikuja hapa na mashahidi wake, wamevaa suti, kila mmoja anamsifu kijana wake. Niliwajibu kwamba kijana hana sifa, wakaondoka wamenuna. Nikiwapokea ninyi leo, wale nitawaambia nini wakirudi? Na yule mtoto wa kijijini aliyepata hiyo D ya fizikia, ambaye hana hata mtu mmoja wa kuja kumsemea, nimwondoe ili nimweke nani?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimefundisha maisha yangu yote, sikosi maneno. Lakini siku hiyo nilimshukuru tu, nikachukua kofia yangu. Alitusindikiza mpaka nje. Akatukumbusha tu kwamba aliyerisiti akipata alama inayotakiwa haulizwi aliipata lini.

Tulipofika mjini Machibya akaniuliza, "Yule Obedi aliishia wapi?"

"Alirudi kwao. Akalima machungwa."

Nilikutana naye mara moja tu, zamani, penye meli ya Ukerewe. Alinikumbatia kama ndugu, akanijazia machungwa kwenye mfuko, akaniuliza habari za chuo kikuu, ghorofa zake, maktaba yake, kama ni kweli maktaba inafungwa usiku wa manane. Nilimsimulia kwa fahari mpaka meli ikapiga honi. Mpumbavu mimi, hata sikumwangalia usoni.

Fadhila alikuwa ameshapika. Aliniwekea ugali na dagaa, akakaa mbele yangu, akangoja.

"Wamekataa," nikasema.

"Nilijua, Babu. Pole."

Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga. Nikamweleza yote, mguu wa Mama Sabina, watu wa suti, sukari, Obedi. Kwenye sukari nilidhani atacheka, lakini alikunja uso kama mtu anayetafuta jibu la hesabu.

"Huyo Obedi alikuwa na alama ngapi?"

Nimesimulia mkutano ule karibu miaka hamsini. Nimewasimulia wanafunzi, marehemu mke wangu, wakwe, watu wa msibani. Makofi yale wanayajua mpaka mafundi wa redio. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

"Alinizidi," nikasema.

"Kwa mengi?"

"Somo kwa somo. Hata hesabu nilizofaulu mimi, alinifundisha yeye."

Nikalia pale pale mbele ya sahani, mzee mzima, na sikujali. Nilimlilia Obedi na yale maswali yake ya maktaba. Fadhila akasogea akanishika mkono. Alijua kungoja, mtoto yule, kama alivyojua kwenye kile kidonda.

Nilipotulia nikajifuta uso kwa kanzu.

"Risiti, mama," nikamwambia. "Nitakusubiri."